Kesi ya Ndugu Yako Usiishike

Siku ya arobaini ya mume wangu naikumbuka kuliko siku ya mazishi. Siku ya mazishi nilikuwa kama mtu aliyelewa, sikujua nani kaja wala nani hakuja. Lakini arobaini nilikuwa macho, mwanangu, na niliyoyaona siku ile ndiyo yananifanya nikuandikie wewe unayeanza kozi ya usaidizi wa kisheria hapo Korogwe. Mimi niliishia darasa la nne, mwandiko wangu uuvumilie.

Tulikuwa tunaishi Misima, huko Handeni. Shamba letu mimi na marehemu Athumani hatukurithi kwa mtu. Lilikuwa pori, tukalifyeka wenyewe, yeye na shoka, mimi na panga, mtoto wa kwanza nimemlaza kwenye khanga. Sehemu ya bondeni ilikuwa na unyevu, hata mwaka wa mvua haba mahindi yalitoka. Kizuri hakikosi macho. Bonde lile lilitazamwa sana.

Baada ya dua akasimama shemeji yangu, Ramadhani Semkiwa. Namtaja kwa jina, na wenzake nitawataja, maana hawakuniona haya mimi. Akasema shamba la kaka yake linarudi kwenye ukoo. Mimi nikipenda nibaki kama mke wa ukoo, nisipopenda njia ya kwetu naijua. Pembeni yake alikaa Hatibu Sechonge, mwenyekiti wa kitongoji, anatikisa kichwa kama mjusi. Baadaye nilikuja kujua alishaahidiwa kipande cha bondeni. Watu wote waliinama. Hata kaka yangu wa tumbo moja alikuwa anaangalia kucha za miguu yake.

Aliyefungua mdomo ni Bibi Mwanahawa tu, aliyetoka Mazinde, upande wa Korogwe. Ukoo wake na ukoo wa mume wangu ni watani, na watani wakija msibani unawajua wenyewe. Tangu asubuhi alikuwa amenyakua upawa wa kupakulia, anasema hali mtu pilau hapa mpaka wafiwa waukomboe kwa kuku. Ramadhani alipomaliza kusema, bibi akamnyooshea ule upawa.

"Ramadhani, shamba la nani? Mimi nimekula mahindi ya pale tangu pori linafyekwa. Na jembe sijakuona. Nimekuona na sahani."

Watu wakacheka. Ramadhani naye akacheka, kwa sababu mtani hachukiwi, akajibu, "Kweli bibi, jembe sikushika. Lakini damu ni damu."

Umemsikia? Alikiri mwenyewe, mbele za watu, kwamba lile shamba hakulifyeka. Na aliyecheka kuliko wote, mpaka akashika mbavu, ni kijana aliyekaa karibu na mlango, Juma Sechonge. Hatibu ni baba yake mkubwa, ndiye aliyemlea. Juma alikuwa ametoka chuoni Handeni na cheti chake, kundi la mwanzo kabisa la kozi hii unayoisoma wewe. Kata nzima tulikuwa na msaidizi wa kisheria mmoja, ndiye yeye.

Bibi Mwanahawa akanivuta nyuma ya jiko. Nilidhani ataniliwaza. Akanigombeza. Akaniambia, "Mjukuu wangu, mimi nimesema kwa kuwa mtani hana kesi. Lakini utani unaishia hapa hapa msibani, kwenye baraza la kata hawapokei kicheko. Marehemu umeshamlilia. Kausha macho ukaseme mwenyewe."

Basi nikaenda. Wengine wanadhani wajane tunanyang'anywa kwa sababu tumekaa kimya. Mimi sikukaa kimya. Nilikwenda kwa Juma, kwa kuwa ndiye tuliyeambiwa anasaidia. Akanipokea vizuri, akanipa kiti, akaandika malalamiko yangu, akaniambia niondoe wasiwasi.

Siku ya baraza Ramadhani alikana kila kitu. Akasema pori walifyeka pamoja na kaka yake. Nikawaambia wazee wa baraza kwamba maneno aliyoyasema kwenye arobaini yalisikiwa na wengi, hata huyu msaidizi wa kisheria alikuwepo, mwulizeni. Wakamwuliza. Juma akajikuna shingo. Akasema siku ile kelele zilikuwa nyingi, hakusikia vizuri, na kwa maoni yake mambo ya familia ni bora yamalizwe na familia.

Kesi yangu ikafia hapo. Mtu mwenye cheti kasema hakusikia, nani mwingine atasema kasikia? Wale wote waliocheka wakawa viziwi, na neno la Bibi Mwanahawa wakalihesabu utani. Wahenga walishasema kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere, lakini mimi nilikuwa sijui kwamba niliyempelekea ni ngedere. Alikuwa amevaa shati jeupe.

Nikachukua watoto wangu tukaenda Mazinde. Bibi Mwanahawa akatupa chumba, mimi nikaingia kwenye mashamba ya mkonge, nikakata mkonge mpaka watoto wakakua. Mwiba wa mkonge ukikuchoma unajua umekuchoma nini. Bora huo. Hatibu alikufa akiwa analima bonde langu. Sikwenda kumzika, na sitasema uongo kwamba ninajuta.

Sasa sikiliza ya juzi, maana ndiyo yanayokuhusu. Walimu wa chuo walipita vijijini, Handeni na Korogwe, kuuliza watu kozi hii imewafaa nini. Walikuwa wanataka kuikuza, wafungue darasa la pili Korogwe. Lakini kuna jambo lilikuwa linawasumbua. Wahitimu wapo, vyeti vimetundikwa ukutani, ila mwananchi mwenye kesi anapita mlango wa msaidizi wa kijijini kwake, anapanda bodaboda kwenda kwa yule wa kata nyingine. Walipofika Mazinde wakauliza kama kuna mtu aliyewahi kwenda kwa msaidizi wa kisheria. Nikasema mimi. Wakaniita kwenye kikao, Handeni.

Mkuu wa chuo ni mama mmoja mtulivu, Mwalimu Rehema. Akatusomea mpango. Darasa la Korogwe, wanafunzi wengi kuliko wa Handeni, wachaguliwe na wenyeviti kama siku zote. Na mwalimu wa mafunzo ya vitendo, kwa sababu ya uzoefu wake wa miaka mingi, atakuwa Juma Sechonge.

Alikuwepo. Kitambi kimetoka, mvi zimeanza. Alikuwa ameniamkia mlangoni, "Shikamoo mama," nami niliitikia marahaba, kwa kuwa salamu hainyimwi mtu.

Mwalimu Rehema akawauliza wahitimu kwa nini watu wanawapita. Binti mmoja wa kifugaji, Naserian, akasema kwake hawaji kwa sababu mwenyekiti ni baba yake mdogo. "Wananipita wanakwenda kata ya jirani, kwa huyu kaka wa Kwedizinga," akasema. Yule wa Kwedizinga akacheka. Akasema, "Na wa kwangu wote wanakuja kwako, dada. Mimi nilidhani unawapa chai." Kikao kizima kikacheka. Mwalimu Rehema naye alicheka, kisha akasema hilo ndilo alilokuwa analishuku tangu mwanzo: mwenyekiti akiambiwa achague, anachagua wa nyumbani kwake, na watu wanajua.

Nikanyoosha mkono. Nikaeleza habari ya arobaini kama nilivyokueleza wewe, na nikamtaja Juma akiwa amekaa hapo hapo. Mzee mmoja wa kamati akasema hayo ni mambo ya zamani, tusirudishe nyuma maendeleo. Nikamwambia bonde bado lipo, wala halijawa la zamani.

Juma akasimama. Sikumwona na hasira. Akasema, "Mama, nilikuwa kijana. Yule mzee ndiye aliyenilea. Ningekusimamiaje mbele yake?"

"Sikukuomba unisimamie," nikamwambia. "Ulipoona kesi inamgusa baba yako, ungeniambia niende kwa mwingine. Wewe ulinipa kiti ili nisiende."

Akakaa. Wakajadiliana sana, wengine wanataka darasa lianze kubwa kama lilivyopangwa, wengine wanasema haraka haraka haina baraka. Mwishoni mkuu akaamua. Darasa la Korogwe lianze, lakini dogo. Wanafunzi wachaguliwe kwenye mkutano wa kijiji, wanawake wakiwemo, wenyeviti wasipeleke majina. Kesi yoyote ya ndugu wa msaidizi, anampa msaidizi wa kata jirani siku hiyo hiyo. Na Juma akaambiwa aende Misima kwanza, asimame kwenye mkutano wa kijiji, aseme alichokisikia kwenye arobaini. Akishasema, jina lake litajadiliwa upya.

Alitikisa kichwa kukubali. Mvua za vuli zimenyesha zikaisha, na Misima hajaonekana. Ramadhani angali hai, analima bondeni kwangu. Darasa lenu limeanza bila Juma, na mafunzo ya vitendo atakufundisheni yule kijana wa Kwedizinga. Mimi bonde sijarudishiwa. Nakuambia ilivyo, ili usije ukadhani hadithi hii imekwisha vizuri.

Sasa nasaha yangu, mwanangu. Sheria utafundishwa, mimi siijui. Ninachokijua ni hiki: siku itafika mtu atakuja kwako na kesi, na mbaya wake atakuwa mjomba wako, au shangazi aliyekulipia ada. Usimkaribishe mtu huyo kwa maneno matamu. Mwambie wazi, "Huyu ni ndugu yangu, kesi yako siiwezi," kisha umsindikize mpaka kwa mwenzako wa kata nyingine, umkabidhi mkononi. Kukataa kesi si aibu. Aibu ni kuishika ili uiue. Na kama ulikuwepo, ukasikia kwa masikio yako, basi wewe si msaidizi tena, wewe ni shahidi. Kaseme, hata kama nyumbani utalala njaa. Njaa ya siku moja inapita. Mimi nimelala nyingi, na nipo.

Haya, nenda kasome. Mola akupe moyo usiotetemeka mbele ya wakubwa wa kwenu, akulinde na chakula cha hongo na maneno ya kujipendekeza. Akujaalie uishi mpaka uone watu wa kijiji chako mwenyewe wanapita milango ya mbali na kugonga wa kwako.