Mursik Iliyoandikwa Polisi

Wacha niseme ukweli: ile sare haikufaa kumwendea Gibson. Tulijaribu kuandikwa polisi siku moja, pale Bomet. Mbio nilimshinda, urefu nilimshinda, sura hata usiulize. Afisa akanifungua mdomo, akaona pengo, akanirudisha nyumbani. Gibson, mwenye meno kama punda, akachukuliwa. Kisha akamwoa dada yangu Rodah. Sasa ni Sajini, mkubwa wa kituo cha polisi hapa kwetu Kimulot. Akipita sokoni wazee wanavua kofia. Mimi wananiita shemeji ya Sajini.

Mwezi uliopita, Okello, karani wa kupima majani chai, alikataa majani yangu. Ati yamekomaa, kiwanda kinataka machanga. Nilimsukuma kidogo tu, akaangukia mizani. Akaenda kunishtaki. Nikacheka, kituo ni cha shemeji.

Asubuhi ya kesi nikamtumia Gibson kibuyu cha mursik aliyotengeneza mama yangu, yale maziwa yetu ya kugandishwa na kutiwa majivu ya mti. Kwetu mursik hairudishwi. Ukirudisha, umetukana boma lote. Nikajua nimemweza.

Nilipofika kituoni, kibuyu kilikuwa mezani, na Gibson anaandika kwenye OB, kile kitabu cha matukio ya kituo.

"Shemeji, unaandika nini?"

"Zawadi kutoka kwa mshtakiwa."

"Hayo ni maziwa, si bangi."

"Hata maji ningeandika. Kanuni za kazi yetu ndivyo zinasema. Nimeandika pia kwamba wewe ni ndugu ya bibi yangu, kwa hivyo kesi atasikiza Koplo Mongina. Mimi natoka nje."

"Kwa hivyo unarudisha mursik ya mama yangu?"

Akakiangalia kibuyu. "Sirudishi. Kesi ikiisha, uje nayo nyumbani tunywe wote. Leo naiogopa, kwa sababu naipenda."

Koplo Mongina, msichana wa juzi, hakunizungusha. "Mzee, Okello amekubali yaishe, lakini umwombe msamaha mbele ya foleni yote ya kupima majani. Ukikataa, ni korti."

Korti mimi siwezi. Jumatatu nikasimama mbele ya watu na vikapu vyao, nikasema, "Okello, nilikukosea."

"Yameisha, mzee," akajibu. "Lakini majani yako ya leo pia yamekomaa."

Foleni ikacheka. Jirani yangu Chepkemboi akasema kwa sauti, "Huyo Gibson ndiye polisi kamili, hata shemeji yake hakumpendelea."

Wakampigia Gibson makofi, na hata hakuwa hapo. Mimi niliyemeza aibu yote, hakuna aliyenipa hata pole.