Karatasi ya Mahudhurio

Mimi huuza maharagwe sokoni Voi, na kila kitu nakihesabu mara mbili, hata watu. Siku ile ya mafunzo hotelini tulikuwa kumi na tisa. Nikahesabu tena: kumi na tisa. Wa mwisho alikuwa rafiki yangu wa Njukini, anayeniletea mali miaka yote. Mimi ndiye niliyemvuta aje. Alikuwa akiandika mtandaoni, bila jina, kuhusu tajiri aliyeukata mfereji wao wa maji, na alitaka kujua kujificha vizuri zaidi.

Mwalimu wetu alikuwa Mkenya mwenzetu, afisa wa ubalozi fulani Nairobi. Akaeleza kuna mtandao unaopitisha ujumbe kompyuta hadi kompyuta, mpaka aliyeutuma asijulikane. Ubalozi wake ulitaka kuweka kompyuta moja ya namna hiyo ndani ya ofisi zake, maana polisi hawawezi kuingia humo hivi hivi.

"Na nyinyi mkichungulia?" nikauliza. Gunia silinunui kabla sijatia mkono mpaka chini.

Akacheka. "Kila kompyuta inajua kipande chake tu, mama. Safari nzima haionwi na mtu."

Nikaridhika. Hata leo nasema balozi zifanye hivyo. Ukuta ambao polisi hawauruki una kazi yake.

Kisha ikapitishwa karatasi. Juu: Mafunzo ya Kuandika Bila Kujulikana. Chini: jina, kitambulisho, simu, saini. Bila saini hakuna nauli.

Rafiki yangu akaisukuma kando. "Mimi wacha tu, dada."

"Wacha nini? Kwani kutoka Njukini ulitembea?" Nikachukua kalamu, nikamwandikia. Simu yake naijua kwa kichwa. Kitambulisho alinitajia polepole.

Wiki mbili baadaye akanipigia. Mwanamume asiyemjua alikuwa amemsomea nambari ya kitambulisho chake, tarakimu moja moja, akamuuliza mafunzo ya Voi yalikuwaje, na mfereji je.

"Wewe ulimjibu nini?"

"Nilikata. Dada, ile karatasi iko wapi?"

Tangu hapo simu yake haipatikani. Nyumba yake Njukini ina kufuli, na majirani hawajui alikoenda, au hawaniambii mimi.

Nilirudi hotelini kuuliza. Askari wa getini akanisogezea kitabu cha wageni.

"Andika kwanza, mama. Mko wangapi?"

"Mmoja."

Nikaandika. Nikahesabu mistari niliyojaza: miwili, wangu na wa rafiki yangu. Nikahesabu tena.