Kiganja cha Ndeshi

Juzi hospitalini nilimwona mwalimu akimfundisha mtoto kiziwi kutamka, kiganja cha mtoto kikiwa shingoni kwa mwalimu. Nikamkumbuka mdogo wangu Ndeshi, aliyesikia kwa shida.

Mchana mmoja tulipokuwa watoto, chumba chetu cha Kariakoo kilinuka dagaa, na nje muuza kahawa alikuwa akigonganisha vikombe. Mama alikiweka kiganja cha Ndeshi kooni kwake mwenyewe, akamsalimia kwa Kichaga. Ndeshi akajibu kwa sauti moja iliyonyooka.

“Mama, si upaze sauti tu?” nikauliza.

“Haisaidii. Maneno ya Kichaga hupanda na kushuka, sauti ikinyooka maana hupotea, na bibi yenu kule mlimani hajui Kiswahili.”

Mimi nilidhani Ndeshi ni mkaidi. Mama alirudia mpaka sauti ikamkauka, akaanza kulia. Ndeshi hakuondoa kiganja. Alitabasamu, akakiiga kile kilio, kikapanda na kushuka bila kosa.