Mapaja ya Mtihani wa Daktari Noela

Mnanisumbua tu. Kila anayepita hapa, "Bibi, hebu andika habari za yule Noela aliyemuunga mkono seremala wa Chang'ombe alipokatwa na msumeno." Mie nimesoma ngumbaru, sijasoma chuo. Lakini nikiwaachia nyie mtasema uongo, basi naandika.

Noela alikuwa mpangaji wangu hapa Temeke, Mmakua wa Masasi, daktari wa upasuaji. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila mwenye mshahara alikuwa na mradi. Wake kuku wa kisasa, uani kwangu, na harufu yao nikaivumilia.

Akaja mwalimu kutoka nje kuwafundisha kuunga mishipa midogo ya damu, ili mkono uliokatika ukirudishwa uwe hai. Hawakuanzia kwa watu. Walianzia kwenye paja la kuku, maana ndani yake mna mshipa mwembamba kama tambi. Unaukata, kisha unaushona kwa uzi mwembamba kuliko unywele, macho kwenye darubini. Noela akirudi anakaa barazani na kibano chake, anarudia.

"Wenzio wanashona vitambaa vya makochi," namwambia.

"Nitakushona wewe, bibi, ukikatika."

Ijumaa ikawa mtihani. Kila mtu aje na mapaja yake, aunge mshipa, wapitishe maji ya rangi. Yakivuja, nafasi ya kushona mikono anapewa mwingine, na Noela hakuwa na hamu nyingine duniani. Kuku wake kashawauza wote hoteli ya Mbezi Beach, kabakiza mapaja mawili kwenye friji langu.

Alhamisi jioni mkwe wangu Munira akayaona. Munira kalelewa pwani: kuku hajaoshwa kwa ndimu na chumvi, haingii chunguni. Akayakamulia ndimu, akayarudisha. Asubuhi Noela anafungua friji, nyama nyeupe kama imechemshwa, mshipa umesinyaa, ukiugusa unakatika.

"Nani katia ndimu?"

"Si yalikuwa yananuka, dada!" anasema Munira.

Noela akakaa chini sakafuni na gauni lake la kazini. Nikaenda uani nikamkamata tetea wangu. Noela kaja na kisu.

"Nipe, bibi. Mpasuaji si mie?"

"Ukichinja wewe Mkristo, nani atamla?"

Nikamwita jirani yangu Mwishehe. Akaja na shuka lake, akamwelekeza kuku kibla, akachinja. Noela akachukua mapaja, akatoka mbio, manyoya yamemganda mkononi.

Alasiri karudi, hata shikamoo kasahau.

"Maji yamepita, bibi! Hayajavuja hata tone! Wamenichukua!"

Nikampakulia mchuzi wa yule tetea. Mwishehe naye yupo mkekani. Mchinjaji kwetu haki yake paja, siku hiyo kapewa shingo, kanuna mpaka magharibi.

Haya, nimeandika. Yule tetea alikuwa anataga, na nyie mlionisumbua nileteeni mwingine. Wa kienyeji. Anayekuja na wa kisasa asibishe hodi.