Binti Yangu na Mguu wa Kushoto

Binti yangu alipokuwa kidato cha pili, aliacha kula vizuri. Alikuwa ameweka mtandaoni video yake akicheza muziki, mtu asiyemjua akaandika, "Unacheza kama ndama aliyezaliwa leo." Wengine wakacheka chini ya maoni hayo. Tangu hapo, akitoka shule alijifungia chumbani kusoma maneno yale yale. Mimi ni mwalimu, nilihamishiwa Robanda, kijiji cha kando ya hifadhi ya Serengeti, kutoka Tanga. Hesabu naweza kumfundisha yeyote, hili lilinishinda.

Nilijaribu kumnyang'anya simu. Kwa siku kadhaa alinisalimia kwa sababu tu adabu ilimlazimu. Nikamrudishia.

Mama jirani, aliyekuwa akiwafundisha wasichana ngoma za Kiikoma, za wenyeji wa hapa, jioni uwanjani, akaniambia nimpeleke. Binti akakataa: watamcheka tena. Lakini rafiki yake akamtumia video ya mazoezi, nami nikaanza kusikia vishindo nyuma ya mlango. Nikaendelea kuchambua maharage.

Hatimaye akatoka. "Mama, leo naenda. Ila usije kunitazama."

Nikaenda kumtazama.

Ngoma ikalia. Mstari mzima ukaenda kulia, yeye akaenda kushoto, akamgonga mwenzake mpaka kanga ikadondoka.

"We! Sisi tunakwenda hifadhini, wewe unaelekea mjini Mugumu?" aliyegongwa akapayuka.

Uwanja mzima ukacheka. Nikamwona anaitazama njia ya nyumbani. Akiondoka sasa, nikawaza, hatoki tena chumbani.

"Nani kakufundisha?" mama jirani akamwuliza.

"Simu."

Hapo nikaelewa, na ualimu ukanizidi nguvu, nikaanza kueleza. Mpiga video alisimama mbele ya wachezaji. Mtu akikutazama uso kwa uso, mguu wake wa kulia unakuwa upande wako wa kushoto. Binti alikuwa amefuata upande badala ya mguu. Kila hatua aliijua, ila kinyume.

Mama jirani akafikiri. Alikuwa na watoto wa shule ya msingi waliomsumbua: akiwageukia wanachanganya miguu, akiwapa mgongo wanasukumana.

"Basi usibadilishe kitu," akamwambia binti. "Simama mbele, uwatazame hawa wadogo. Wao wakufuate wewe."

Alisita, kisha akasogea mbele. Akainua mguu wa kushoto, wadogo wakainua wa kulia, na mstari ukaenda bila mtu kumgonga mwingine.

"Dada, tena! Dada, tena!"

Walirudia mpaka mama jirani akatufukuza, maana jua likizama tembo huanza kuingia mashambani.

Wakati wa kula binti akaishika simu. Maoni mapya yalikuwa yameingia, akanisomea moja: "Ndama bado hajajua kutembea?"

Nikaacha kutafuna.

"Ndama siku hizi ana wanafunzi," akasema, akaiweka simu kando na kunisogezea sahani yake. "Mama, niongezee maharage."