Viwavi wa Kahawa na Viwavi wa Miombo

Nilipoolewa Mpepai kutoka Liparamba, nilimkuta baba mkwe yuko vitani na viwavi waliokuwa wakila majani ya kahawa yake. Kila asubuhi alivaa mabuti, akapita mche kwa mche akiwaangusha kwa kijiti na kuwakanyaga. Wiki hiyohiyo mama yangu akanitumia mfuko wa viwavi waliokaushwa. Nikawaunga kwa nyanya na karanga.

Baba mkwe akachungulia sufuria. "Mwanangu, kwenu mnapika wadudu?"

"Hawa si kama wale wa shambani, baba."

"Kiwavi ni kiwavi. Wote wanakula majani."

Nikamweleza kwa adabu zote za mke mgeni. Wa kahawa ni wafupi, wa kijani, wana vimiba vinavyochoma, na hulitafuna jani kuanzia ukingoni. Wa kwetu ni weusi, warefu kama kidole, hawachomi, na hukaa makundi kwenye miombo mpaka mti ubaki matawi matupu. Baadaye mti huchipua tena, wala hakuna anayevaa mabuti.

Alinisikiliza kwa makini, kisha akaamua kwamba naringia wadudu wa kwetu. Kesho yake alirudi na nusu ndoo ya viwavi wa kijani, wazima, aliowaokota kwa mikono mitupu. Kuchoma kwao alikujua kuliko mimi, ila baada ya maelezo yangu, kutumia kijiti kungekuwa kukubali kushindwa. Vidole vilikuwa vimevimba, machozi yanamlenga.

"Pika na hawa," akasema. "Tusibaguane."

Nikakataa. Mama mkwe akamwosha mikono kwa maji ya sabuni, akimuuliza kwa upole kama uzee umemjia peke yake, bila akili.

Mchana hakuweza kumega ugali, akapewa kijiko. Akakichovya kwenye bakuli langu la viwavi. "Naonja tu, nimjue adui." Alimjua adui mara tatu, kisha akaomba aongezewe ugali.

Jumapili, baada ya misa, nilimsikia akiwaambia wanaume wenzake kwamba mkwe wake amekuja na dagaa wa porini, kitoweo cha heshima. Neno kiwavi hakulitamka.

Wa kahawa bado anawakanyaga. Ila mvua zikianza, msimu wa viwavi wa kwetu, huniuliza habari za mama yangu mara mbili kwa wiki, na kama kuna mtu anayetoka Liparamba siku za karibuni.