Mwenye Matela Alikuja Mchana

Ukitaka kucheka, cheka sasa, halafu unyamaze unisikilize. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe hapa Kisangani, mtaa wa Tshopo, wakati wa vita. Na nani aliwaambia wafu hutoka usiku tu? Huyu alikuja mchana, nguo zangu zikiwa bado kwenye kamba.

Bon. Mabomu yalikuwa yamenyamaza, na binti yangu Sifa alikuwa amenyamaza pamoja nayo. Moja liliangukia nyumba ya jirani, na tangu siku ile mtoto hakutoa neno, hata la kuomba maji. Nilimpeleka kwa wauguzi, nikampeleka kwa watu wa maombi, bure. Ndipo watoto wa kanisa wakaanza kutayarisha mchezo wa wanyama. Sifa akanivuta kitenge, akachora chui mavumbini, akajigonga kifua. Ungekuwa wewe ungekataa? Nikasema, hata kama ni kunguruma tu, mtoto wangu atanguruma.

Sikuwa nimewahi kutengeneza kichwa cha chui. Nilinunua sokoni matela, godoro la sponji, iliyokwisha kulaliwa, na sikuuliza imetoka nyumba gani. Siku zile vitu vilitembea kuliko watu. Ukimuuliza mwenzako habari za chake, naye atakuuliza habari za chako.

Nilipima kichwa cha Sifa kwa karatasi ya mfuko wa sementi, nikaikata, nikachora juu ya sponji kwa mkaa. Wembe uwe mpya, jamani, na uuvute mara moja. Ukiwa butu, sponji inachanika kama iliyotafunwa na mbwa. Gundi ilikuwa ya fundi viatu. Unapaka pande zote mbili, unangoja mpaka isinate kidoleni, ndipo unabandika. Mara ya kwanza nilikuwa na haraka, taya likaanguka.

Sifa alikuwa amekivaa kichwa, mimi namalizia masikio, nikaona papa mmoja, baba wa makamo, amesimama mlangoni. Shati jeupe, salamu ya adabu. Nilimpa kiti, akakataa. Akainama, akaweka mkono juu ya sponji iliyobaki.

Sasa sikia. Sponji hata paka akipita inabonyea, si kweli? Yule papa alikandamiza mpaka mishipa ya mkono ikamsimama, na sponji haikubonyea hata kidogo. Haki ya Mungu.

"Mama, hii matela iko yangu," akasema. "Kona moja iliungua na makala. Iko wapi?"

Kona ile ilikuwa sikio la chui. Alama ya moto nilikuwa nimeigeuzia ndani isionekane.

Akaniambia kwamba tangu wamfukie analala juu ya udongo mtupu, na anataka matela yake yote, pamoja na hiyo aliyovaa mtoto. Niliogopa, sitawadanganya. Lakini hasira ilifika kabla ya miguu kukimbia. Nilisimama kati yake na Sifa, wembe mkononi, ingawa wembe utamfanya nini aliyekwisha kufa?

"Papa, pole sana," nikamwambia. "Weye ulisha kufa, huyu iko muzima. Vipande yote, kamata. Kichwa, hapana."

Akapiga hatua mbele. Hapo, ndani ya kile kichwa cha chui, sauti iliyokauka ikasema, "Iko yangu."

Nililia palepale, wembe ukaniponyoka. Yule papa alisimama. Alimtazama mtoto, akasema, "Basi, avae," akatoka. Nilikimbilia mlangoni, uani hapakuwa na mtu.

Jioni ile nilikusanya vipande vyote, nikashona mto, nikauweka nyuma ya mlango. Asubuhi ulikuwa umebonyea mahali pa kichwa, sponji ileile iliyomkatalia mkono. Mpaka leo ni hivyo. Nauchapa unajaa, kesho nakuta shimo lilelile. Watu wa maombi waliniamuru niuchome. Niliwajibu wakachome matela zao.

Sifa leo ni mama wa watoto, na anasema mpaka majirani wanafunga madirisha. Wewe unayetaka kujifunza kazi hii ya vichwa vya sponji, uliza kwanza matela ilikuwa ya nani, na vipande usitupe. Mwenyewe akija, mpe cha kulalia. Cha mtoto wako, usimwachie.